Helmeti Nyekundu ya Baba Yako

Nyumbani kwa bibi yako,
Chumba cha uani.
Jumapili, 9 Agosti.

Mpwa wangu mpendwa Chiriku,

Marahaba, mwanangu. Shikamoo yako imenifikia ikiwa imekunjwa pamoja na vumbi la huko, nikaikung'uta kwanza ndipo nikaiitikia. U hali gani? Maji ya huko yamekuzoea, au tumbo bado linalalamika? Umesema mlango wa nyumba uliyopanga haufungi sawasawa. Tia komeo la ndani kabla hujafikiria mapazia.

Sisi huku ni wazima. Magoti ya bibi yako yanamsumbua akiinuka, ila mdomo wake haujapata ugonjwa wowote. Mama yako amezama katika sare za shule, nyumba nzima imejaa vipande vya uzi, hata kwenye sukari. Baba yako anazibua mabomba ya watu mji mzima na la kwake linavuja. Mimi nipo, na kifua kimetulia.

Simu yako haishiki, na ninayotaka kukueleza hayaenei kwenye ujumbe mfupi. Kaa chini usome.

Uliandika kwamba ofisi ya upimaji imekukabidhi pikipiki ya kuzungukia mashamba, bila helmeti. Ukauliza kwa mzaha kama nyumbani hapa kuna mwenye helmeti ya ziada. Ukaongeza kwamba ikikosekana si neno, njia yenyewe ni fupi, magari hakuna, utajifunga kilemba kuzuia vumbi.

Sentensi hiyo ya kilemba imenikera tangu nilipoisoma. Unajua kazi yangu. Nimesimama kando ya barabara na kijitabu cha mwandishi wa habari mkononi kwa miaka mingi kuliko umri wako. Niliyoyaona huko sitakuandikia, maana unaweza kuwa unakula. Nitakuambia moja tu: nyingi ya barabara hizo zilikuwa fupi, na katika baadhi yake gari halikuwepo kabisa. Kulikuwa na mchanga, au mbuzi, au shimo. Kichwa kikishaifikia ardhi hakiulizi kimesukumwa na nini.

Sasa habari yenyewe. Barua yako ilisomwa kwa sauti sebuleni kwa mama yako, wote tukiwapo. Ilipofika pale pa helmeti, baba yako akainuka, akaenda chumbani. Akarudi na helmeti yake. Unaikumbuka, ile nyeusi aliyokuwa nayo siku alipoteleza kwenye kona ya mashine ya kusaga, mabomba yamefungwa nyuma ya pikipiki, akaenda kugonga ukingo wa mtaro. Aliinuka, akajipangusa, akarudi nyumbani anaendesha mwenyewe. Tangu siku hiyo helmeti ile ameifanya mtu. Aliiosha kwa sabuni, akaendelea kuivaa, na kila mgeni akija husimuliwa.

Basi hutaitambua ukiiona leo. Fundi rangi wa magari, yule rafiki yake, ameipiga msasa mikwaruzo yote, akaijaza puti, akaipuliza nyekundu inayong'aa mpaka unaona meno yako. Nyuma imeandikwa CHIRIKU kwa herufi nyeupe. Na kwa kuwa kichwa cha baba yako ni kikubwa kuliko chako, mama yako alichukua sponji ya godoro, akaikata, akaizungushia kitambaa laini cha bitana, akaishona ndani ili ikutoshe. Ushono mzuri. Sijaona godoro la mtoto mchanga lililoshonwa vizuri kuliko lile.

Iliporudi, ikazungushwa sebuleni mkono kwa mkono. Bibi yako akaisomea dua. Ikaamuliwa iingie kwenye kifurushi chako cha Jumamosi, pamoja na mashuka.

Mimi niliikataa palepale.

Nikasema, "Shemeji, hiyo imeshakufa."

Unajua utani wetu mimi na yeye, kwa hiyo watu wakacheka. Yeye akaipapasa ile helmeti kama mtu anayempapasa ng'ombe. Akasema, "Bwana mwandishi, wewe kazi yako ni kuandika waliokufa. Mimi nipo hapa, nakula ugomvi wa dada yako kila siku. Aliyenibakiza ni huyu. Iliyoniokoa mimi ishindwe kumwokoa mwanangu?"

Swali lake ni zuri, ndiyo maana ni la hatari. Nilimjibu kwa utulivu, nikakumbuka kwamba mtoto ni wake. Nilimwambia kinachookoa si ganda la nje. Ndani ya helmeti ya kweli mna povu gumu, la jamii ya lile jeupe ambalo televisheni hufungiwa nalo ndani ya boksi. Ukianguka, povu lile hubonyea, na kwa kubonyea hula nguvu ya pigo ili isiingie kwenye ubongo. Likishabonyea halirudi. Limefanya kazi yake, basi. Nikamwambia helmeti ni kama njiti ya kiberiti, na njiti iliyokwisha kuungua huwezi kuiwasha tena kwa kuipaka rangi nyekundu kichwani.

Bibi yako akasema, "Huyu tangu mdogo akialikwa harusini huulizia msiba." Wakacheka tena. Mama yako hakucheka, lakini aliudhika, maana sponji ni kazi ya mikono yake. Mwishowe baba yako akatoa hukumu: nikailete mimi helmeti ninayoijua kabla ya Jumamosi. Nisipoileta, nyekundu inasafiri.

Basi nikaingia mjini kutafuta. Mama yako alinipa kipimo cha kichwa chako bila kufungua daftari, anakikumbuka tangu alipokushonea kofia ya mahafali. Hicho ndicho kitu safi pekee nilichobeba siku ile.

Kibanda cha kwanza kilikuwa na helmeti zimetundikwa kwenye kamba kama mitumba. Niliikamata moja, nikaibinya kwa vidole pande zote mbili, ikabonyea kama bakuli la plastiki. Ndani hamna povu, mna utepe na kipande cha kitambaa. Ilikuwa kofia ya mafundi wa ujenzi, ile ya kumkinga mtu tofali likidondoka, wamebandika mkanda wa kidevuni na kuiita ya pikipiki. Nikamuuliza muuzaji ikoje mtu akianguka nayo. Akanitazama kama mimi ndiye mwenye matatizo. Akasema, "Mzee, hii ni ya trafiki, si ya kuanguka. Kwani wewe una mpango wa kuanguka?" Wenzake wakampigia makofi.

Jirani yake aliuza zilizo na povu, na stika ya ubora imebandikwa nyuma. Stika ile ilinivutia kwa sababu zilikuwepo nyingine kama hiyo juu ya meza, zimezungushwa kama utepe, zinakatwa kwa mkasi na kubandikwa hapohapo mbele ya wateja. Hata hawajifichi. Kuna wakati mtu mdanganyifu alikuwa na adabu ya kugeuka akafanya kazi yake gizani.

Nikauliza kama ana zilizo bora zaidi. Akaniambia niende nyuma, kwa fundi. Nilikwenda, na hapa ndipo nataka uwe makini.

Nyuma ya duka pana uchochoro na banda la mabati. Chini palikuwa na rundo la helmeti zilizovunjika, zimechubuka, nyingine hazina kioo. Hukusanywa kutoka gereji zinakovutwa pikipiki zilizogongwa. Mtu mmoja ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anazijaza puti. Mwingine anapuliza rangi. Wa tatu alikuwa na kisu kifupi, anakwangua ndani. Nilichungulia anachokwangua. Zilikuwa nywele, zimegandia kwenye povu pamoja na kitu kikavu cha rangi ya kutu. Alizikung'utia chini karibu na kikombe chake cha chai, akabandika kitambaa kipya kwa gundi juu ya palepale, akamrushia mwenzake. Banda zima lilinuka rangi na jasho lililolala, na chini yake ile harufu ninayoijua kutoka wodini.

Nikamuuliza mwenye duka kama mnunuzi huambiwa. Akajibu kwa upole kabisa, "Mzee wangu, kichwa hakiulizi historia."

Sikugombana naye. Niliangalia, nikaandika, nikapiga picha, nikaondoka. Habari imetoka jana. Mhariri ameiweka ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la pikipiki mpya ambalo ndani yake kijana anacheka, kichwa wazi, upepo unampepea. Nimeikata nikaitia kwenye bahasha hii. Ukurasa uangalie wote, tangazo pia ni habari.

Nilinunua helmeti yako kwenye duka la mwisho wa mtaa, kwa mwanamke mnene mwenye hasira ambaye hakunikaribisha wala hakuniaga. Sikumpenda. Lakini aliniacha nibandue kitambaa cha ndani, nilichungulie povu lote kwa tochi, nisome maandishi yaliyogongwa kwenye ganda lenyewe na yaliyoshonwa kwenye mkanda, niyalinganishe. Aliyekataa kufunguliwa bidhaa yake nilimwacha mlangoni. Hiyo iwe sheria yako popote utakaponunua helmeti maishani.

Nikaileta nyumbani. Ni ya rangi ya tope, haina jina wala mng'ao. Baba yako aliigeuza mkononi, akasema, "Hii ndiyo uliyozungukia mji mzima? Inafanana na sufuria ya mkeo wa kwanza." Nikamwacha afurahi. Yake akaiweka mezani karibu nayo, na kusema kweli ukimwita mpita njia achague, angechagua nyekundu.

Tulikula. Katika kula nikawasimulia la banda la mabati, kama ninavyokusimulia wewe, bila kupunguza. Bibi yako aliweka kijiko chini. Nilipofika pale pa kitambaa kipya kubandikwa juu ya nywele, mama yako aliinuka, akaenda kwenye cherehani yake, akarudi na wembe wa kufumulia. Akaivuta helmeti nyekundu mapajani.

Baba yako akasema, "Mama Chiriku, unafanya nini?"

"Nataka kuona nilichokifunika."

Akaanza kufumua ushono wake mwenyewe, mshono baada ya mshono. Akatoa sponji. Chini ya sponji palikuwa na kitambaa cha zamani, cheusi kwa jasho la baba yako na mafuta ya mabomba, kinanuka mpaka nikarudisha kiti nyuma. Akakibandua nacho kwa ncha za vidole, kama mtu anayeondoa panya aliyekufa. Kisha akaiinamisha helmeti kwenye taa.

Povu upande wa kulia lilikuwa na unene wa vidole viwili. Upande wa kushoto, nyuma ya sikio, lilikuwa limebonyea likawa jembamba kama kadibodi, na ufa umepita katikati mpaka kwenye ganda. Kwa nje, mahali hapohapo, fundi rangi alikuwa amejaza puti na kupuliza. Ufa huo ulikuwa chini kidogo ya herufi ya kwanza ya jina lako.

Mama yako aliingiza kidole gumba kwenye lile bonyeo. Kikaenea chote. Kisha akainuka, akazunguka nyuma ya kiti cha baba yako, akakiweka kidole kilekile nyuma ya sikio lake la kushoto, akakiacha hapo.

Baba yako hakugeuka. Alisema tu, "Nami nilidhani tulitoka salama wote wawili."

Unajua kwamba tangu kuanguka kule husikia vibaya upande huo, na sisi tumekuwa tukimtania kwamba ni uzee. Hakuna aliyemtania usiku huo. Kilichonikera zaidi si ujinga wake, maana hakuna aliyewahi kumweleza. Kinachonikera ni kwamba aliivaa helmeti ile maiti kila siku tangu kona ya mashine, akapita mbele ya trafiki, wakamwona anayo kichwani, wakamwachia.

Asubuhi yake nilitoka uani kunawa uso. Nikamkuta amekaa kwenye kizingiti, tepu ya mama yako ameizungusha kwenye paji la uso, juu kidogo ya nyusi, ameishika kwa kidole ila hawezi kuona namba. Miwani yake hajui ilipo, kama kawaida. Akasema, "Shemeji, acha kucheka, nisomee." Nilikuwa sicheki. Nikamsomea. Tukaenda wote kwa yule mwanamke mwenye hasira, baba yako akagombana naye vizuri kuhusu rangi, na sasa kuna vichwa viwili vya rangi ya tope katika familia hii.

Yako imo ndani ya kifurushi kilichoondoka jana kwa basi. Nilipima kwa kipimo cha mama yako, lakini kichwa hakikuwepo dukani, kwa hiyo kazi ya mwisho ni yako. Ivae. Iwe inabana mashavu kiasi cha kukuudhi, bila kukuumiza paji. Tikisa kichwa huku na huku. Ngozi ya uso isogee pamoja nayo. Ikicheza peke yake, ni kubwa. Funga mkanda kidevuni, kiasi cha kidole kupenya kwa shida, kisha ishike nyuma uisukume kuelekea mbele kama unayetaka kuivua. Ikivuka, nirudishie kwa basi lilelile, nitabadilisha. Usithubutu kuijazia nguo, wala kitambaa, wala sponji. Mama yako mwenyewe amesema niliandike hilo na nilipigie mstari, nami napiga.

Kioo chake ni cheupe kwa makusudi. Chenye giza kinapendeza mchana na kinakupofusha jua likizama. Usiitundike kwenye kioo cha pikipiki, wala usiikalie, wala usiitumie kubebea mayai. Ikianguka nawe, hata ikitoka bila mkwaruzo, usiipongeze. Niandikie, tutatafuta nyingine. Na ukimbeba mtu nyuma, awe na yake. Usimvike ile ya kuazimana inayozunguka vichwa vya mji mzima. Nimewahi kuinusa, na sina neno la kiungwana la kuieleza.

Limebaki moja. Ijumaa jioni tulijadili helmeti nyekundu ifanywe nini. Bibi yako aliitaka apandie vitunguu. Mimi nikasema itupwe. Baba yako akauliza, "Nikiitupa, itafika wapi?" Akaniangalia. Sikuhitaji kumjibu, banda la mabati tulikuwa tumelisikia wote.

Akaichukua akaibana kwenye jiliwa lake, pale anapokatia mabomba. Akatwaa msumeno wa chuma. Aliikata kutoka mbele hadi nyuma, taratibu, bila kusimama, vumbi jekundu na jeupe likimjaa mikononi. Nilidhani ningefurahi kumwona akikubali. Sikufurahi. Alikuwa anakata kitu kilichombakiza, na alijua, na aliendelea kukata.

Nusu moja ameitia moto. Nusu ya pili, ya kushoto, utaikuta chini kabisa ya kifurushi, chini ya mashuka, na herufi tatu za jina lako bado ziko mgongoni. Ni yeye aliyeifunga, si mimi. Hakuandika ujumbe wowote, nawe unamjua. Iweke karibu na mlango, pale unapochukulia ufunguo wa pikipiki. Siku utakayojiambia kwamba njia ni fupi na kilemba kinatosha, ingiza kidole gumba mahali mama yako alipoingiza cha kwake. Ukimaliza, ndipo utoke.

Bibi yako anakusalimu sana na anauliza kama huko kuna mchumba, au kuna mashamba tu. Mama yako anakusalimu, amekutilia blauzi mbili na uzi wa rangi zake. Baba yako anakusalimu. Aliposikia naandika barua alisema niseme yeye mzima, kisha akarudi mlangoni akasema nisikuandikie habari ya sikio. Nimekwisha kuiandika. Jirani muuza mkaa anauliza utarudi lini. Nisalimie mpima mkuu wako, umwambie kwa heshima zote kwamba ofisi inayotoa pikipiki bila helmeti ningependa kuijua vizuri zaidi kikazi.

Mungu akutangulie njiani na akurudishe kila jioni ukiwa na akili zako zote, hata zile za ubishi.

Ni mimi mjomba wako, mwenye maneno machungu leo na mapenzi yaleyale ya siku zote,

Mjomba Kalamu